Kloroplasti inakumbuka upande wa mama: niliyojifunza kwenye matope ya Mikindani na misitu ya Lindi

Mikoko ya Mikindani ukiitazama kutoka barabarani wakati maji yamejaa utasema ni ukoo mmoja, majani yote manene, yote ya kijani kile kile, na sisi wenyewe tuliozaliwa huku tunaita yote mikoko basi imeisha. Ila shuka maji yakitoka, na uwe na mtu anaejua, fundi mitumbwi kwa mfano, dakika chache tu keshakuonyesha huu ndo mkoko wenyewe wa boriti, ule mkandaa, ule wa mbele kabisa unaopigwa na mawimbi mlilana, huyu mchu, na huko nyuma kwenye nchi kavu kidogo kuna mkomafi na kikandaa, na kila mmoja ana kazi yake na ana tabia zake kwenye moto na kwenye maji. Wazee wanajua kabisa kuwa ni miti tofauti. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua, hata mimi mpaka nilipoingia kwenye hii kazi, ni tofauti kiasi gani.

Kazi yenyewe ni kusoma jenomu, yaani DNA nzima, za kloroplasti ili kujua undugu wa mimea inayotoa maua. Nilianza na masomo ya masta, baadae nikawa natafutwa na watafiti kwa sababu napajua nyumbani na naongea na watu vizuri, kwaiyo nimezunguka sana Mikindani, Msimbati, kingo za Ruvuma, na upande wa Lindi hadi Rondo na Litipo. Ukiisema haraka ni hivi, unachukua jani, unatoa DNA, unasoma ile iliyoko kwenye kloroplasti, yaani vile vijichupa vya kijani ndani ya seli vinavyopika chakula kwa jua, unalinganisha na mimea mingine, unapata nani ndugu wa nani. Ukiisema polepole ndo kuna mambo.

Nianze na hiyo mikoko. Mkoko wenyewe uko kwenye kundi moja kubwa na muhogo. Ndio, muhogo huu wa kisamvu. Mlilana uko familia moja na komamanga na hina. Mkomafi, ule wenye tunda kubwa kama mpira, ni familia ya mwarobaini na mikangazi, na juu kidogo unakutana na mkorosho, mwembe na mchungwa. Msikundazi unaoota kwenye midomo ya mito, familia moja na bamia, pamba na mbuyu. Kikandaa ni ndugu wa mkungu ule wa kivuli uwanja wa shule. Mchu sasa ulihangaisha watu miaka mingi, mara upewe familia ya peke yake, mara uwekwe na kina mtiki, mwishoni DNA ikauweka kwenye familia ya mimea midogo midogo ya maua ambayo huwezi kuidhania kabisa. Kwaiyo tope moja, chumvi moja, maji yale yale yanapanda na kushuka, na miti iliyokuja hapo imetoka pande zote za ulimwengu wa maua, kila mmoja umejifunza kivyake kuishi na chumvi. Mkandaa tu ndo ndugu halisi wa mkoko hapo, pamoja na msinzi.

Mzee mmoja aliekuwa ananiongoza, fundi wa siku nyingi, nilipomwambia ya hina alisimama. "Mjukuu, hina ya bibi yako pale uani na huu mlilana?" Nikamwambia ndio babu, na komamanga pia. Akachuma tunda la mlilana, bichi, kijani, lina lile ua lililokauka limekaa kama nyota, akaligeuza geuza. Akasema komamanga nalo lina nyota hiyo, ila la komamanga imekaa juu na hili imekaa chini kwenye kikonyo. Na yuko sahihi kabisa, hiyo ni tofauti ya kweli, wataalamu wa zamani ndo waliitazama hivyo hivyo na kuvipa vyote viwili familia zake, mlilana peke yake na komamanga peke yake, hadi majani yaliposomwa yakarudishwa nyumba moja. Nilipenda kwamba babu hakubisha wala hakukubali, alilitia lile tunda mfukoni akasema ataenda kulilinganisha mwenyewe.

Sasa kwanini kloroplasti na sio DNA yote ya mti? Sababu ya kwanza ni ya kimaskini kabisa, ni rahisi. DNA ya kwenye kiini cha seli ni ndefu mno na imejaa marudio, ila ya kloroplasti kwa mimea mingi ya maua ni kama herufi 120,000 hadi 160,000 tu, imejifunga duara, ina jeni kama 80 za kutengeneza protini na nyingine chache za kazi za ndani, na mpangilio wake haubadiliki hovyo kutoka mmea hadi mmea. Alafu ziko nyingi, seli moja ya jani inaweza kuwa na nakala elfu na zaidi, kwaiyo hata ukitoa DNA kidogo na mbovu mbovu, ya kloroplasti haikosekani. Asili yake ni bakteria wa kijani waliomezwa na seli zamani sana wakahamia humo jumla, ndo mana wana DNA yao wenyewe.

Jenomu nzima za kwanza zilisomwa Japani mwaka 1986, moja ya tumbaku na nyingine ya mmea mdogo wa majimaji unaitwa Marchantia. Baada ya hapo kwa muda mrefu watu walikuwa wanasoma jeni moja tu, rbcL, ndo kazi maarufu ya 1993 ya Mark Chase na wenzie zaidi ya 40 waliolinganisha mimea 499 kwa jeni hiyo moja. 1998 ndo likaja lile kundi la wataalamu wa mimea linaloitwa APG (Angiosperm Phylogeny Group) likapanga upya familia zote za maua kwa kufuata DNA, wakarekebisha 2003, 2009, na 2016 ambapo walifika oda 64, yaani makundi makubwa yanayobeba familia, na familia 416. Vile vitabu vya mimea tulivyosomea wengi wetu shuleni viliandikwa kabla ya hayo, kwaiyo usishangae ukikuta mtiki uko familia nyingine kabisa na iliyoandikwa sasa. Mtiki umehamia kwa kina mrihani. Mitiki ya Rondo na mrihani wa kwenye kikuba, familia moja, ukiwaambia akina mama wanacheka hadi basi.

Na huko chini kabisa kwenye shina la undugu wa maua, mmea uliojitenga na maua mengine yote mapema kuliko wote ni kichaka kinaitwa Amborella, kinaota kisiwa cha New Caledonia tu huko Pasifiki. Hilo lilianza kuonekana 1999 na 2007 likakaziwa kwa jenomu 64 nzima za kloroplasti.

Kazi ya pori sasa. Watu wakisikia DNA wanawaza kompyuta na makoti meupe, ila mimi nawaambia nusu ya ubora wa kazi yako inaamuliwa ndani ya saa ya kwanza baada ya kukata jani. Jani likikaa kwenye mfuko wa rambo juani kwa boti kutoka Msangamkuu hadi Shangani, limeshapikwa, vimeng'enya vyake vimeanza kula DNA. Tunatumia silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, za rangi ya chungwa zikishanyonya zinageuka kijani. Unachana jani vipande vidogo, unatoa ule mshipa wa kati kwa sababu ni mgumu na hauna faida, unaweka kwenye kifuko cha chai kitupu, unakizamisha kwenye silika nyingi, mara kumi ya uzito wa jani, unafunga. Likikauka kwa siku moja limepona. Likichukua siku tatu lina rangi ya kahawia na hapo andika maumivu.

Shida ya pwani yetu ni unyevu. Silika inageuka kijani kabla hujaiwekea jani lolote, umefungua kopo tu upepo wa bahari umeshaingia. Nilizoea kuikaanga upya jioni kwenye sufuria kwa moto mdogo sana, inarudi rangi yake, ila sufuria hiyo isipikiwe tena chakula tafadhali. Mchu nao una chumvi juu ya jani, ukiliangalia kwa karibu asubuhi utaona chembe nyeupe zimetulia upande wa juu, ukilamba ni chumvi kweli, inatoa yenyewe kwa njia ya jani. Hiyo unaisuuza kwa maji ya kunywa na kulikausha kwa tishu kabla ya kulifungia. Mikorosho vile vile, ukienda kipindi cha kupuliza dhidi ya ubwiri unga majani yote yana salfa, unaondoka na vumbi la njano hadi kwenye nyusi. Na usikate jani la mkorosho wa mtu bila kumuona mwenyewe. Mama mmoja Naliendele alinikuta nikiwa na kibali cha wilaya na kila kitu, akasoma kibali kuanzia juu hadi mhuri, akasema "haya baba, kibali nimekiona, na mimi je umeniomba?" Nikaomba. Akanichagulia yeye mwenyewe mti wa kuchuma, wa zamani, alioupanda mama yake.

Jambo ambalo vijana wanaokuja wanalichukulia poa ni vocha. Vocha sio ya simu, ni lile tawi zima lenye jani, ua na tunda likiwepo, unalikandamiza kwenye magazeti, unalikausha, unaandika mahali, tarehe, jina la wenyeji, rangi ya ua likiwa bichi kwa sababu likikauka yote yanakuwa kahawia, alafu linaenda kukaa haberiamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya taifa Arusha. Bila hiyo sikwensi yako, yaani ule mfuatano wa herufi za DNA uliousoma, ni jina tu. Kwenye hazina za DNA za dunia kuna sikwensi zenye majina yasiyo sahihi na hakuna namna ya kukagua kwa sababu hakuna tawi lililohifadhiwa, na kompyuta haijui, itakuchorea mti wa undugu mzuri tu ukiwa na jina la uongo ndani. Mimi ukiniambia nichague kati ya jenomu kumi bila vocha na tatu zenye vocha nachukua tatu.

Maabara nitapita haraka. Ni ile njia ya CTAB ya 1987, bado inatumika, unasaga jani kavu liwe unga kabisa, unalitia kwenye maji moto ya kama digrii 65 yenye sabuni hiyo, kloroform, alafu unaigandisha DNA kwa pombe. Ila mikoko ina tanini balaa, mkandaa si ndo gome lake wanatumia kutia rangi, sasa hiyo tanini inashikana na DNA unapata kitu cha rangi ya chai. Dawa ni kuongeza PVP, unga unaonasa hiyo tanini, na ile merkaptoethanoli inayonuka yai bovu hadi jirani wanagonga mlango. Mlilana na mchu wao wanakupa ute, bomba linakataa kunyonya, unarudia kusafisha. Msaada ni kwamba kwa kloroplasti hauhitaji DNA nyingi wala ndefu. Unaipeleka isomwe yote kwa juu juu, vipande vifupi mamilioni, na ndani ya hivyo sehemu nzuri itakuwa ya kloroplasti bila wewe kuichagua, mara nyingi asilimia kadhaa hadi kumi na kitu. Kiini cha seli unakipata kimechanika chanika, kloroplasti unaipata nzima.

Kuunganisha vile vipande viwe duara kuna programu za bure, GetOrganelle na NOVOPlasty ndo wengi tunatumia, na laptopu ya kawaida yenye memori ya kutosha inaweza, tatizo ni bando la kupakua mafaili, hilo ni suala la usiku wa manane. Duara likitoka lina sehemu nne, kipande kirefu, kipande kifupi, na katikati yao vipande viwili vinavyofanana kabisa ila vimegeuziana mgongo. Hivyo viwili ndo vinafundisha mengi. Mbaazi na kunde zetu wanavyo, ila njegere na dengu wamepoteza kimoja, wao na ndugu zao wote wa tawi lile, na hiyo peke yake inakuonyesha kuwa wametoka kwa babu mmoja aliekipoteza, bila hata kuhesabu herufi.

Mlangamia pia. Ule mtambaa wa njano unaofunika vichaka vya ufukweni Msimbati, hauna majani, unanyonya wenzie, yeye amepoteza kimoja cha vile vipande viwili vinavyojirudia. Na ukoo wake? Mparachichi na mdalasini. Kuna mmea mwingine wa njano wa kunyonya wenzie unafanana nae kiasi kwamba watu huku wanauita jina hilo hilo, Cuscuta, na yeye ni wa familia ya kiazi kitamu na mlakasa. Nimeshaona mlangamia wa mparachichi umepanda juu ya mlakasa mchangani na mtu anakuambia huyo na mwenzie wa shambani ni mmoja. Kwa macho ni mmoja kweli. Mvinje nao, pale pale ufukweni, kila mgeni anasema msonobari, lakini mvinje ni mmea wa maua, uko na kina mwaloni wa Ulaya.

Mkorosho ndo ulitupa shughuli. Duara lilipotoka lilikuwa refu kuliko la mwembe, mwembe ni kama herufi 158,000 na mkorosho unapita 170,000, na ndani yake kuna kipande kisichofanana na kloroplasti ya mmea wowote jirani, ukikitafuta kwenye hazina kinakuja mitokondria, yaani vile vijichupa vingine vya seli vya kutoa nguvu, navyo vina DNA yao. Mwenzetu mmoja akasema huo ni uchafu wa maabara tufute. Nikasema tusifute tusome kwanza. Kumbe kuna watafiti waliosoma mazao kumi na kutoa kazi yao 2017 wakakuta hicho hicho, kwamba mkorosho umechukua kipande cha DNA ya mitokondria ukakiingiza kwenye kloroplasti yake, na kimekaa kwenye sehemu inayojirudia kwaiyo kipo mara mbili. Kitu kama hicho ni nadra sana kwa mimea ya maua. Zao lililotulipia ada nusu ya wanafunzi wa mkoa mzima lina hicho ndani ya kila jani na sisi tunapita nalo tu. Nimeshalisema kwenye misiba, kwenye mabasi, kila mahali.

Nije kwenye kitu ambacho kwangu ndo kiini cha yote. Kloroplasti kwenye mimea mingi ya maua inatoka kwa mama peke yake, kupitia mbegu. Chavua ya baba haileti. Kuna wanaotoka nje ya mstari, jamii ya pesheni imeonekana ikichukua hata kwa baba, na misonobari, ambayo sio maua, yenyewe inachukua kwa baba, lakini kwa ujumla ni mama. Kulieleza hili Dar inachukua slaidi nyingi, kulieleza Newala au Mikindani haikuwahi kunichosha, kwa sababu sisi Wamakonde, na Wamwera, Wayao na Wamakua majirani zetu, kwa asili ukoo tunahesabu kwa mama. Ukimuuliza mzee mtoto huyu wa nani anakutajia mama, na mama wa mama, na mjomba ndo anaitwa kwenye shauri. Basi kloroplasti iko hivyo. Inakupa mlolongo safi wa mama hadi mama bila kuchanganywa kila kizazi, ndo mana inasomeka vizuri hadi mamilioni ya miaka nyuma. Lakini mtoto ana baba pia jamani. Bibi mmoja nilipomaliza kueleza akaniuliza hilo hilo, "na kwao baba je, nani anaandika?" Huyo bibi hajasoma hata darasa moja na aliuliza swali ambalo nimeona watu wenye shahada wanalisahau wakishachora mti wao wa undugu na namba zote za matawi, zile za kupima uhakika, zikiwa 100.

Kwa sababu namba 100 kwenye tawi haimaanishi kwamba hao ni ndugu kwa asilimia mia. Inamaanisha kloroplasti, ambayo inarithiwa kama kitu kimoja kizima hata kama ina jeni 80, inasema hivyo kwa sauti moja. Ni shahidi mmoja anaerudia ushahidi wake mara themanini. Mialoni ya Ulaya ndo mfano unaonipa tahadhari, aina tofauti za mwaloni zilizoota msitu mmoja zinakutwa na kloroplasti ile ile, na aina moja hiyo hiyo ikiwa mbali ina nyingine, kwa sababu wanachavushana, chavua inasafiri na upepo, kloroplasti inabaki na mama wa mahali pale. Ukichora mti kwa kloroplasti tu umechora ramani ya misitu sio undugu wa aina. Kwaiyo kwa kutenganisha familia na familia mimi naiamini sana, kwa kutenganisha aina mbili zilizo jirani kwenye mlima mmoja, napunguza sauti.

Na usidhani tatizo ni la ndugu wa karibu tu. Rudi kwa mkoko na muhogo. Kundi lao kubwa, kloroplasti inaliweka upande wa kunde, mbaazi na mvinje. Jeni za kwenye kiini na za mitokondria zikiulizwa zinasema hapana, hawa wako upande wa mkorosho, pamba na mwarobaini. Sio watu wawili watatu, ni kazi nyingi na zimerudiwa, na wapo wanaodhani kuwa zamani sana, kabla makundi haya hayajaachana vizuri, kulikuwa na kuchanganyika kwa damu, mama wa upande huu na baba wa upande ule, na hadi leo jani la muhogo limebeba kesi hiyo. Mimi nikiuliza kisamvu ni ndugu wa karibu wa kunde au wa korosho jibu linategemea umemuuliza mama au umeuliza ukoo mzima. Siku hizi ndo watu wanatumia ile seti ya jeni 353 za kiini, iliyotoka 2019, na 2024 wametoa mti wa undugu wa karibu jinasi 8,000 za maua (jinasi ni kundi dogo ndani ya familia) kwa hizo, ili kupata huo upande wa pili.

Kuna jingine linanikosesha usingizi kidogo, la Tendaguru. Mnaijua, kule Lindi walikochimba mijusi mikubwa 1909 hadi 1913 ikaenda Berlin. Miamba ile ni ya mwisho wa Jurasiki, kama miaka milioni 150, na mabaki ya mimea yake ni ya kina misonobari na wenzie, hakuna ua. Sasa 2019 Wachina na wenzao walichukua jenomu 2,881 za kloroplasti wakapiga hesabu ya saa ya mabadiliko, yaani kukadiria miaka kwa wingi wa herufi zilizobadilika, ikaja kwamba maua yalianza zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, huko nyuma ya Tendaguru. Mabaki yenyewe ya maua yanayokubalika na wengi ni ya baadae sana, kipindi cha Kretasia kilichofuata Jurasiki. Kwaiyo au yule mjusi alikuwa anapita kwenye maua ambayo hayakuacha alama, au saa ya kloroplasti inakimbia. Mimi naelemea upande kwamba saa inakimbia kidogo, kasi ya mabadiliko haiko sawa kwa kila ukoo, mimea ya msimu mmoja inabadilika haraka kuliko miti, na ukiisawazisha vibaya miaka inavimba. Ila mimi sio mtu wa mabaki, wenye ujuzi huo waseme.

Kinachonivuta sasa ni majani ya zamani. Mjerumani Schlieben alikusanya sana Lindi 1934 na 1935, Rondo, ziwa Lutamba, huko kote, na mimea kadhaa ya kwetu ilipewa majina kutokana na matawi yake. Haberiamu ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943 na vingi vikaenda, lakini alikuwa anagawa nakala kwa haberiamu nyingine kwaiyo sehemu ya majani hayo ipo. Na hapa ule wingi wa kloroplasti unalipa, jani lenye miaka tisini DNA yake imekatika vipande vidogo vidogo, ya kiini ngumu, ya kloroplasti bado unaiunganisha kwa kipande cha jani kisichozidi ukucha. Ukipata hicho na jani bichi la mti huo huo Rondo leo, kama bado upo, unaweza kuona kama ni mstari ule ule wa mama uliobaki au wengine wameingia. Vile vile yule Karomia, mti mrefu wa msituni ulioonekana umetoweka, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena 2011 upande wa Kilwa, nao ni wa kwa kina mrihani na mtiki. Kwa mti uliobaki miti ya kuhesabika huwezi kwenda na panga, jani moja lililoanguka lenyewe likiwa bado kijani linatosha.

Kwaiyo anaetaka kuanza na yuko huku kusini, aanze na mikoko, iko karibu, ina familia nyingi sehemu moja, na jenomu nyingi za kulinganisha zipo tayari bure mtandaoni. Aende bamvua maji yakitoka mbali, avae viatu vya kufunga kamba maana tope la mlilana linavua ndala, achukue ua hata kama anataka jani tu. Na silika aibebe mara mbili ya anayodhani inatosha.